Boriti ya Tatu

Mkandarasi aliyepewa kazi ya kukarabati ukumbi mkuu wa chuo alikuwa mume wa zamani wa seremala wa chuo hichohicho. Walikuwa wameachana miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hata salamu hawakupeana. Asubuhi ya kwanza mkandarasi alipita mlangoni pa karakana ya seremala, akawaambia vibarua wake kwa sauti ya makusudi, "Huyo mama asiguse kitu ukumbini."

Ukumbi ulijengwa na watu walioijua kazi. Boriti saba za mninga zilivuka juu kutoka ukuta hadi ukuta bila msumari hata mmoja. Ncha zake ziliingia ndani ya mawe na kukazwa kwa vigingi. Seremala alikuwa akizipaka mafuta kila likizo.

Siku ya nne alisikia msumeno. Alipofika, boriti ya tatu ilikuwa imeshakatwa ili skrini kubwa ipate nafasi.

"Hizo si pambo, Baba Pacha," alisema, kwa jina alilomwita enzi za ndoa yao. "Paa linasukuma kuta nje, zenyewe ndizo zinazozishika."

"Bado una mdomo uleule. Kapige randa viti vyako. Na usiniite hivyo."

 Seremala alipanda ngazi, akaning'iniza timazi, uzi wenye risasi nchani, kutoka juu ya ukuta, akaweka alama ya chaki sakafuni pale ncha ilipoelekea. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya msajili wa chuo mpaka saa nane, mpaka msajili akachoka kumwona na kumfuata. Walikuta timazi imeiacha alama kwa unene wa penseli; ukuta ulikuwa umeanza kusogea nje. Msajili alichuchumaa, akatazama, akainuka taratibu.

"Toeni watu wote humu," alisema.

"Ametegesha," mkandarasi akadakia. "Huyu ana kisasi na mimi."

"Kisasi ninacho," seremala akajibu. "Lakini ukuta haukujui."

Chuo kikaamua boriti irudishwe. Seremala aongoze, mkandarasi atoe jukwaa na watu. Wiki tatu walibanana kule juu, wakisemeshana vipimo tu.

Kigingi cha mwisho kilipoingia, vibarua walipiga makofi. Mkandarasi alikuwa ameshashuka, ameanza kulegeza nati za jukwaa.

"Mimi bado niko huku," seremala alisema.

"Nakuona."

Aliiacha nati, lakini spana hakuiweka chini. Seremala alishuka polepole, akapita karibu yake kabisa, na hakuna aliyempisha mwenzake.