Kamati ya Likizo ya Watu Wawili

Usiku wa kuamkia leo niliota nipo kwenye kikao cha kamati ya likizo yetu, na mwenyekiti alikuwa sanduku.

Ni lile sanduku letu la nguo, la kijivu, tulilolinunua mwaka tuliooana ili tuende nalo Dodoma kuona mashamba ya zabibu. Miaka ishirini na mitano limekaa juu ya kabati. Sasa limekaa mbele ya wajumbe sebuleni kwetu, mdomo wazi, linagonga meza kwa mshikio wake.

"Katibu," linaniambia, "akidi imetimia?"

Katibu ni mimi. Hapa Tukuyu mimi ni katibu wa kila kitu: harusi, misiba, ujenzi wa kanisa, hata ile kamati ya kumtafuta mbuzi wa mchungaji, mbuzi ambaye alirudi mwenyewe sisi tukiwa kwenye kikao cha tatu. Watu wananiita Ambokile wa Daftari na sijawahi kuchukia. Kazini nilifundishwa kwamba kikao kisichoandikwa hakijafanyika, na neno hilo nimelishika kuliko mengi niliyofundishwa kanisani.

Natazama wajumbe. Kuna pasi. Kuna chupa ya chai. Kuna kalenda ya ukutani, ambayo ilialikwa peke yake lakini imekuja na miezi yote kumi na miwili, na Februari anadai apewe kiti kirefu kwa sababu ya ufupi wake.

"Imetimia," nasema, na naandika kwamba imetimia.

Niseme ukweli, hata humo ndotoni roho ilikuwa juu. Jana jioni, nikiwa macho kabisa, mke wangu Tusekile aliweka tiketi mbili mezani. Basi la Dodoma, kesho yake saa mbili asubuhi.

"Baba Lusajo," alisema, "mimi nimekulia kwenye chai na nimezeekea kwenye chai. Kabla sijafa nataka nione kitu kingine kinachopandwa kwa mistari. Ukija, njoo. Usipokuja, mimi naenda."

Hakugomba wala hakununa, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba wazo ni zuri sana, tuunde kamati ndogo. Akaniangalia kidogo, akaenda kulala. Kamati yenyewe ndiyo hii.

"Ajenda ya kwanza," linasema sanduku. "Je, likizo ni jambo la lazima? Mimi binafsi sijawahi kusafiri na sijapungukiwa na chochote."

"Naunga mkono," inasema pasi, na papo hapo mshikio wake unaungana na mshikio wa chupa ya chai. Hakuna anayeshangaa. Naandika.

Yatokanayo na kikao kilichopita yanaingia kwa kupitia dirishani, moja baada ya jingine, yamelowa, yanatafuta pa kukaa. Nyuma yao anaingia Mengineyo. Miaka thelathini nimekuwa nikimwandika mwishoni mwa kila ajenda, lakini sikuwahi kumwona kwa macho. Ni mnene, amevaa shati la kitenge, anakalia viti viwili na kuuliza soda ziko wapi.

"Nimesikia kuna safari," anasema. "Mimi nitahitaji saa nne tu."

Nageuka kumtafuta Tusekile aje aone. Ukuta wa sebule haupo. Tupo Hombolo, kwenye mashamba ya zabibu ya Dodoma. Nyumba yetu haijasogea hata hatua moja, ila Dodoma ndiyo imetufuata. Mchanga mwekundu umeingia hadi chini ya kochi. Kuna vilima vya mawe, kuna bwawa linang'aa kwa mbali, na kuna mizabibu, mistari na mistari, vichala vyeusi vimening'inia hadi unayaonea huruma matawi. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Kisha nikaandika kwenye kumbukumbu: katibu alicheka.

"Mbukwa," ukanisalimu mzabibu wa karibu, Kigogo safi.

"Ndaga," nikajibu, maana Kinyakyusa ndicho nilichokuwa nacho.

"Mmekuja kuvuna?"

"Tumekuja kujadili."

"Kujadili nini?"

"Kama tuje."

Mzabibu ukafikiri. "Lakini mmeshafika."

"Hilo," sanduku likasema kwa ukali, "halijapitishwa!"

Kichala kimoja kikaanza kutikisika. Kilikuwa na punje arobaini na mbili na zote zilitaka kuongea kwa wakati mmoja. "Mwezi wa tano tulikuwa maua!" zikapiga kelele. "Mwezi wa nane tunaliwa! Hatujakaa kikao hata kimoja! Ninyi mmeanza kupanga lini?"

"Mwaka tuliooana," nikasema.

Zikaangua kicheko, tatu zikadondoka chini na kuendelea kucheka huko huko mchangani. Pipa la mvinyo lililokuwa limelala kivulini likafumbua jicho moja.

"Mimi nimekaa miaka mitatu bila kufanya kazi yoyote," likasema, "na nimekuwa mtamu. Wewe umekaa ishirini na mitano. Umekuwa nini?"

"Nimekuwa katibu."

"Pole," likasema, likalala tena.

Ndipo nikamwona Tusekile. Yupo mstari wa tisa, kajifunga kanga kiunoni, anachuma na kuimba. Nikamwita. Hakusikia, au alisikia. Sanduku likapitisha ajenda ya pili, iliyohusu namna ya kuzungumzia ajenda ya tatu, na Tusekile akawa mstari wa kumi na nne. Nikasimama nimfuate. Meza ikasimama pamoja nami.

"Mjumbe haondoki kabla kikao hakijafungwa," ikanikumbusha meza, kwa upole tu.

"Basi tufunge!"

"Kikao hufungwa kwa sala," likasema sanduku. "Pasi, tuongoze."

Pasi ikaomba. Ikaombea wasafiri wote wa nchi kavu, ikaombea umeme, ikaombea nguo za pamba kwa majina, ikafika kwenye kola. Kila ilipokaribia amina, Mengineyo aliinua kidole na kusema ana jambo dogo, na pasi ikaanza upya. Tusekile yupo mstari wa thelathini. Kilemba chake kimekuwa nukta. Wimbo wake bado nausikia, na ni wimbo wa mtu mwenye raha.

Nikaogopa. Sikuogopa kwamba atapotea, kwani Tusekile hajawahi kupotea popote. Niliogopa kwamba atazoea kwenda bila mimi, na ataona mbona ni vizuri tu.

Nikaweka peni chini.

"Katibu, andika," ikasema peni.

"Siandiki."

"Sentensi haijaisha!"

"Iache hivyo hivyo."

Sanduku likapauka. "Katibu, ndugu yangu, tafadhali. Bila kumbukumbu kikao hiki kitakuwa hakija..."

Halikumaliza. Kwa sababu kikao kisichoandikwa hakijafanyika, kikaanza kutofanyika mbele ya macho yangu. Pasi ikanyamaza katikati ya kola na kupoa. Chupa ya chai ikarudi kuwa na mshikio wake. Kalenda ikaita miezi yake, ikaihesabu, ikamkuta Februari chini ya kochi. Yatokanayo yakatoka kwa dirisha lile lile, yakisukumana. Mengineyo akapungua, akapungua, akawa neno dogo chini ya karatasi, na bado neno hilo linauliza soda. Sanduku likafunga mdomo kwa mara ya kwanza, na nilipolinyanyua lilikuwa jepesi, tena lilitetemeka kidogo, nadhani kwa hamu.

Nakimbia. Nina miaka hamsini na saba na nakimbia kwenye mchanga wa Hombolo, sanduku mkononi, mizabibu inapiga makofi kwa majani, vichala vinashangilia kila kimoja kwa sauti arobaini, na pipa limeamka na linabiringika nyuma yangu likipiga vigelegele. Mstari wa ishirini. Wa thelathini. Nimepitiliza, narudi. Tusekile anachuma, hanitazami.

"Umetumwa na kamati?" anauliza.

"Hakuna kamati."

"Nani kapitisha?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu, Mama Lusajo. Na sijaandika mahali."

Hapo akageuka. Akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, polepole, na kicheko kikamtoka ambacho sijakisikia tangu watoto wakiwa wadogo. Akachuma punje moja nyeusi, akaifuta kwa kanga.

"Fumbua mdomo."

Nikafumbua. Ilikuwa ya moto kwa jua na tamu hadi masikioni.

"Mbegu usiimeze, usiiteme," akasema. "Nataka nikaipande nyumbani, katikati ya chai, tuone majani yatasemaje."

Nikatikisa kichwa kukubali, maana mdomo ulikuwa na kazi. Pipa likaomba kujua kama kuna pingamizi. Hapakuwa na pingamizi.

Nikaamka.

Nje kulikuwa kunapambazuka, ukungu wa Tukuyu umekaa dirishani. Nikalala nikitazama dari, nikiwa na furaha isiyo na mahali pa kwenda, hadi ulimi wangu ulipogusa kitu nyuma ya jino. Kidogo, kigumu, chenye ncha. Katika nyumba yetu haijawahi kuingia hata zabibu moja. Nikakizungusha mara mbili ili nipate uhakika, kisha nikageuza shingo.

Tusekile alikuwa amenipa mgongo, amefunikwa hadi masikioni, anapumua pumzi za mtu aliyelala. Bila kugeuka, mkono wake ukatoka chini ya blanketi, ukapita juu ya bega, ukatua mbele ya mdomo wangu, kiganja wazi.

"Niwekee hapa," akasema. "Wewe utaimeza."

Nikaitema kiganjani mwake, nikashuka kitandani kutafuta viatu.