Siku Niliyoyafuta Meno ya Mama Mkwe

Haya nawaandikia kina mama wenzangu, hasa mwenye mtoto anayeshika penseli hata wakati wa kula. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta nimekosea mahali mnisamehe. Lakini hili la kugusa kazi ya mtoto nalijua kuliko wengi wenu, maana nimelifanya kwa mkono wangu huu.

Mwanangu anaitwa Kindness. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, hayakumpeleka kokote. Tunakaa Masama, kwenye kihamba cha marehemu baba mkwe, migomba na kahawa na ng'ombe wawili bandani. Mume wangu, Eliufoo, anapandisha wageni mlimani, akiondoka ni siku sita au saba. Nyumba ya pili hapo hapo uani ni ya mama mkwe, Bibi Ndelilio. Basi mimi ndiye niliyekuwa namwona huyu mtoto kutwa na makaratasi yake, na mimi ndiye niliyekuwa nahangaika atakuja kuwa nani.

Alianza na macho. Siyo watu, macho matupu. Daftari zima macho, ukilifungua linakutazama. Nikamwuliza, "Kindness, hawa watu wako hawana pua?"

"Pua bado, mama. Pua ni ngumu."

Alipofika kwenye pua zikawa kama viazi. Baba yake akazipitia ukurasa kwa ukurasa, akauliza kama tunazichemsha au tunazikaanga. Mtoto akacheka, akafungua ukurasa mwingine, akachora pua nyingine. Hivyo hivyo mwaka mzima. Siku moja nikachungulia, nikaona pua inapumua. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo.

Alinieleza mwenyewe tukiwa tunakata majani ya ng'ombe. "Mama, usoni hakuna mstari hata mmoja. Kuna panapopata mwanga na pasipopata, basi." Nikaangalia mkono wangu, nikautafuta mstari, kweli sikuuona. Alikuwa na penseli nne, ngumu za kuanzia na laini zenye weusi wa masizi, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Alikuwa akitazama picha kwenye simu, anaigawa miraba midogo, anachora. Alimchora mwenyekiti wa kijiji mpaka mke wa mwenyekiti akauliza ni kamera gani hiyo.

Sasa Moshi mjini kuna mtu anaitwa Mwalimu Primus. Kazi yake ni kuchora sura za watu kwa penseli, ana chumba nyuma ya maduka ya vitambaa. Kila mwaka anachukua vijana wawili, wanamsaidia kazi huku wakijifunza. Kindness akampelekea picha zake. Mwalimu akazipitia zote, akamrudishia.

"Hizi umechora simu," akamwambia. "Niletee mtu. Mtu aliyekaa mbele yako, anayekohoa na kujikuna. Nafasi imebaki moja. Nakusubiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Akamchagua bibi yake. Wiki tatu Bibi Ndelilio alikaa barazani kwake akichambua maharage, na mtoto mbele yake juu ya kigoda. Mimi nikipita na ndoo nasikia vicheko, nikasema vizuri, wanaelewana.

Hapa lazima niwaeleze habari ya meno.

Mama mkwe kwao siyo huku juu. Kwao ni tambarare, chini ya Boma Ng'ombe, na maji ya kisima walichonywea utotoni huyapaka meno rangi ya chai, na madoa juu yake kama ya ndizi iliyoiva sana. Alipoolewa huku, mawifi walimcheka. Akajifunza kuziba mdomo kwa ncha ya khanga kila anapocheka. Mimi nimeishi naye miaka ishirini na moja, na katika miaka hiyo hakuna aliyetamka neno meno mbele yake. Hata Kindness alipong'oka jino la utoto, tulisema mtoto kaumia mdomo.

Basi Alhamisi kabla ya ile Jumamosi, picha ikaisha. Kindness akaenda mazoezi ya kwaya. Nikaingia kufagia chumbani kwake, nikaiona kitandani, imewekwa katikati ya makaratasi mawili magumu ya boksi na kuviringishwa khanga. Nikaifungua.

Alikuwa Bibi Ndelilio mzima mzima. Mikunjo ya shingo, kovu dogo la kwenye nyusi, kilemba kilivyolegea upande mmoja. Alikuwa anacheka, mdomo wazi, hakuna mkono wala khanga. Na meno yote yapo, na rangi yake, na kila doa mahali pake.

Nikaona jinsi picha itakavyokwenda mjini, itakavyotundikwa, itakavyoonwa na mtu wa kwetu, na habari itakavyopanda mpaka barazani kwa mama mkwe. Atasema nani? Atasema ni mimi. Atasema mkwe wake amemfundisha mtoto kumcheka. Halafu nikamfikiria na Mwalimu, akimwona binti asiyejua kumstahi mzee. Nikajiambia, mbona hata wapiga picha mjini wanakusafisha uso? Ya harusi yangu walinisafisha mpaka mama yangu akauliza bibi harusi ni yupi.

Nikachukua raba ya mtoto.

Jamani, nilitaka kupunguza kidogo tu. Nikapitisha kwenye jino moja. Likawa jeupe kuliko mwenzake, ikabidi nimshughulikie na mwenzake. Wa tatu naye akabaki anaonekana mchafu. Nilipoinua kichwa nimemaliza kinywa kizima, na mahali pa meno pamekuwa kama kitambaa cheupe kimebanwa kwenye midomo. Nikaogopa zaidi. Nikachonga penseli, nikachora vijistari vya kutenganisha jino na jino, vimesimama wima, vimelingana. Nikaona afadhali. Nikairudisha ndani ya boksi, nikaifunga khanga kama nilivyoikuta.

Jumamosi nikasema naenda naye. Nilitaka kumwona huyo Mwalimu ni mtu wa namna gani.

Tulimkuta amekaa dirishani, mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine umening'inia kifuani. Kindness akamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Akaitikia, akapokea boksi, akalifungua mezani, akabadilisha miwani. Akaitazama mpaka nikaanza kuhesabu penseli zilizokuwa kwenye kopo lake.

"Huyu ndiye bibi yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Amewekewa meno ya bandia?"

Kindness akasogea kuangalia. Akaitazama picha. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu, haraka, kama mtu anayeangalia jua. Nikangoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema.

"Hapana, Mwalimu," akajibu. "Nimekosea mimi."

Mwalimu akavua miwani. "Binti, jicho hili limechorwa na mtu aliyekaa akaangalia. Na shingo hii! Mimi shingo ya mzee ilinitesa miaka kumi. Halafu nafika mdomoni, nakuta mtu mwingine. Nakuta mtu aliyeogopa. Mkono wako naweza kuufundisha. Lakini anayeona kitu akakimbia nimfanye nini?" Akaifunika picha. "Nafasi nitampa kijana mwingine aliyeiomba, wa Kibosho. Usikate tamaa."

Kindness akainama kuchukua boksi. Hakulia. Angelia ningepata la kufanya, ningembembeleza. Alikuwa anafunga ile khanga polepole, fundo zuri kabisa, na mimi nikaona kwamba nikinyamaza hapa tutatoka, tutapanda kwetu, na mtoto wangu atakaa maisha yake yote akijulikana kuwa aliogopa, wakati mwoga nipo.

"Mwalimu, ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Meno. Nimeyafuta mimi. Yeye ameona sasa hivi, kama wewe."

Akavaa tena miwani, akanitazama. "Na hii mistari?"

"Na mistari."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi, mama?"

"La saba."

"Hapana. Mistari hii ni ya darasa la tatu."

Kindness akakohoa. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka. Mwalimu akaigusa karatasi kwa kidole, akasema nimeikwaruza, pale hapashiki penseli tena, hakuna kurekebisha. "Mchore upya," akamwambia Kindness. "Mtu yule yule. Nakupa mpaka Jumamosi ijayo, na hiyo ni kwa sababu umemsitiri mama yako."

Njiani hakunigombeza. Ila tulipofika kwenye njia ya kuingia kihambani alisimama. "Mama, bibi alijua. Nilimwuliza kama nichore na meno. Akasema nichore kila kitu, yeye hana muda wa kukaa mara mbili."

Sasa ilikuwa lazima akae mara mbili, na wa kumwomba ni mimi.

Kwetu ukimkosea mtu kosa la kweli huendi na maneno matupu. Unachuma jani la isale, lile linalopandwa kwenye mipaka, unalifunga fundo, unampelekea. Mtu akiletewa isale hawezi kukufukuza. Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kanisa, nikashika isale mkono mmoja na picha mkono mwingine. Nikamkuta jikoni anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Isale asubuhi yote hii, umeua nani?"

"Nimeharibu picha yako."

Akafuta mikono kwenye khanga, akaichukua, akatoka nayo mlangoni penye mwanga. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huku juu ni mimi," akasema. "Huku chini ni mahindi."

"Nilifuta mama. Niliogopa utaumia. Niliogopa watu..."

"Watu gani?"

Akakaa kwenye kigoda, picha magotini.

"Kumbe miaka yote hii unayaona," akasema.

Nikainama, nikaanza kuokota maganda ya ndizi.

"Mimi nilikuwa nasema, mkwe wangu huyu ana moyo mzuri, hata hayaoni." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma barua. Kisha akanyoosha mkono akachukua isale, akalichomeka kwenye ukuta wa jiko. "Nimelipokea. Mwambie mtoto aje kesho na kigoda chake. Na wewe chukua kisu hicho, ndizi zinanisubiri."

Tukamenya ndizi pamoja, tukachelewa ibada.

Mama mkwe alikaa siku tano. Maharage yalikuwa yameisha, akawa anapukuchua mahindi. Lakini mdomo ulifungwa. Alizungumza, alimtania mtoto, akamwuliza kama huko mjini hawana wazee wa kuchora, ila kila kicheko kilipofika mdomoni kilisimama hapo hapo. Siku ya tatu Eliufoo akashuka mlimani, na kisa cha mgeni aliyelilia soksi zake zilizogandishwa na barafu. Kwa kawaida mama yake angejimwaga kwa kicheko. Safari hii alitabasamu, midomo imebana.

Nikamnong'oneza Kindness, "Mwombe acheke basi."

"Mama, kicheko hakiagizwi," akaniambia, penseli haijasimama.

Akauchora ule mdomo uliofungwa. Ulimchukua siku mbili peke yake, mdomo tu. Alikuwa akiweka kivuli, anakipunguza kwa kitambaa, anarudi tena, mpaka ukiutazama unajua kuna kitu nyuma ya midomo ile.

Jumamosi Mwalimu akaitazama kwa muda mrefu. "Amekasirika?"

"Hapana, Mwalimu. Anakibana."

"Anabana nini?"

"Kicheko."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Jumatatu saa mbili uwe hapa," akasema. "Uje na penseli zako. Mama abaki nyumbani." Tukacheka wote watatu, mimi kuliko wao.

Sasa ni mwezi wa tano anakwenda. Anarudi jioni vidole vyeusi kama mtu aliyekaanga kahawa, anakula, anatusimulia masikio ya nani yalimshinda. Yule kijana wa Kibosho naye alipata nafasi, maana binti aliyekuwa na ile nafasi nyingine aliolewa Arusha. Ile picha ya mdomo uliofungwa ipo sebuleni, wageni wanaisifu, nami nasema aika, asante ya kwetu. Lakini kina mama, nilimwuliza Kindness ipi ilikuwa bora. Hakunificha. Alisema ile ya kwanza, na kwamba hajawahi kuchora vizuri kama vile mpaka sasa. Alisema bila kinyongo, kama anavyosema mvua imenyesha. Hiyo ndiyo niliyoifuta kwa raba kwa dakika kumi, na haijarudi. Mtoto akiwa anachora, hata akichora kinachokuchoma, mikono yako iweke mbali.

Jumapili iliyopita nilikuwa napanda na mzigo wa majani kichwani, nikasikia Bibi Ndelilio anacheka barazani kwake. Anacheka kwa sauti, na Kindness yupo naye. Nikapiga hatua mbili za kwenda kuona, kisha nikasimama nyuma ya banda la ng'ombe, na mzigo wangu kichwani, nikasubiri mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

Tangu siku hiyo kuna bahasha ya kaki chini ya kitanda cha Kindness. Sijui ina nini, na sijauliza. Nikifagia, nafagia pembeni yake.