Ghorofa ya Abdurahmani

Abdurahmani aliiona nyumba ya Mwingereza mmoja huko Unguja, akaja kujenga ya kwake kama ile Rufiji: chini duka lenye vioo, juu ghorofa ya kulala, madirisha yakitazama nyua za watu. Baraza hakuweka. "Anayetaka kukaa, akae kwao," alisema.

Kutoka dirisha la juu alimwona jirani yake Tamimu akinyweshwa maji ya dawa ya kuzuia risasi za Wajerumani uani kwake. Akawaambia askari wa Wajerumani. Tamimu akanyongwa, na mwanawe Ussi akaapa hanyoi kichwa mpaka ghorofa ile iwe majivu.

Askari walipokwenda vitani Umatumbi, Ussi, aliyekuwa amekimbilia msituni, alirudi mjini mchana kweupe, mwenge mkono huu, shoka mkono huu.

"Abdurahmani! Leo huchungulii?"

"Nenda zako, mtoto wa mnyongwa! Maji hayakumfaa baba yako, yatakufaa wewe?"

"Mimi sikuja na maji. Watoe wanawake kwa mlango wa uani, sina ugomvi nao."

Abdurahmani alicheka, akafunga dirisha. Ussi akangoja, kisha akatia moto. Mbao za duka zikashika, vioo vikapasuka.

Mara sauti ya Waride, mke wa Abdurahmani, ikapaa kutoka chumba cha nyuma ya duka: "Ussi, mwanangu, tutokee wapi? Huku hamna mlango!"

Ussi akaduwaa. Nyumba gani haina mlango wa uani? Hakuwahi kufika nyuma yake. Mwanamume mwenye adabu hazunguki penye wake za watu. Kumbe Mwingereza kaigwa mpaka hapo: njia ni moja, ya dukani, apite mke, apite mteja.

Alikimbilia nyuma. Mbele nyumba ilikuwa mawe na chokaa. Nyuma, fito na udongo. Akakata kwa shoka mpaka tundu likapatikana. Akatoka Waride, wakatoka binti zake wawili, wakikohoa.

Kisha kikachomoza kichwa cha Abdurahmani. Ussi akaliweka shoka mbele yake.

"Unakwenda wapi, bwana mkubwa? Uani hupita wanawake. Mwanamume hupita mbele."

"Ussi, nakuomba kwa Mungu..."

"Pita dukani kwako."

Waride akamshika mkono. "Mpishe, mwanangu. Baba yako harudi tena."

"Ndiyo maana simpishi, mama."

Nyusi zake ziliungua kwa joto, naye hakusogea pale tunduni mpaka ghorofa ikashuka.