Mikayi Hajapanda Bado

Kwetu huku nje ya Ndhiwa, mwanamke hagusi mbegu kabla mikayi hajapanda. Mikayi ni mke wa kwanza wa boma. Hata awe mkali, hata muwe hamsemezani, punje ya kwanza ni yake, ndipo sisi wengine tushike majembe. Mchungaji wetu huhubiri vikali dhidi ya mila hii, lakini kila mwaka mke wake mwenyewe husubiri zamu yake.

Mikayi wetu ni Priscah. Mimi ni mke wa pili, na kwa kuwa nilizaliwa Karungu kando ya ziwa, watu huniita Nyar Karungu, binti wa Karungu. Mume wetu alishatangulia, akatuacha tukiangaliana mlango kwa mlango. Mwaka huu mvua ya Machi ilipoanguka, sisi wawili tulikuwa tumenuniana. Kwenye matanga ya mzee Obare, Priscah aliwaambia akina mama wa kwaya, nami nikisikia, kwamba nikiimba, viboko wa Karungu hutoka majini wakidhani mwenzao ameumia. Wakacheka mpaka wakaegemeana. Tangu siku hiyo nikiwa na neno naye nilimwambia kuku wake. "Wewe kuku, mwambie mwenyewe mbuzi wake ako kwa mihogo yangu." Naye alimjibu kuku.

Basi mvua ikaja, na pamoja nayo likaja jino. Gego la chini la Priscah liliuma mpaka shavu likavimba kama andazi. Majirani walikuwa wanapanda. Sisi tuliangalia udongo wetu mweusi, laini, uliolimwa vizuri, mikono yetu ikiwa mifukoni.

"Mama, twende Homa Bay wang'oe," mwanawe Willis alimsihi.

"Nikitoka huko mdomo umejaa damu nitapanda aje? Napanda kwanza, halafu mnipeleke popote."

Lakini kuinama hakuweza. Kila alipoinama kichwa kilitaka kupasuka, na kila asubuhi alisema kesho.

Sasa, kusema wazi kwamba mikayi anaumwa na mvua imeshafika ni kama kuialika njaa kwa jina. Kwa hiyo kila mtu alimsaidia kwa siri. Mkaza mwanawe Dorine, anayeuza mboga sokoni Ndhiwa, alimpelekea tembe nyeupe pamoja na chai ya asubuhi. Mkaza mwanawe wa pili, Emmaculate, ana meza ya nguo Isebania mpakani, na kuvuka kwenda Sirare upande wa Tanzania kwake ni kama kwenda choo cha jirani. Huyo alileta vidonge vyekundu vya ng'ambo, akampa mchana. Willis, mume wa Dorine, alileta dawa ya unga ya mafua, ikakorogwa kwa maji ya moto usiku. Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Priscah naye alinyamaza, kwa sababu nani hapendi kupendwa na nyumba nzima? Jino likikaidi, alimeza tena. Mimi sikumpa kitu, na msinisifu kwa hilo. Nilikuwa na hasira.

Siku moja jino likatulia. Priscah akatoka na kikapu cha mbegu, anatabasamu upande mmoja. Tukakimbilia majembe. Dorine akapiga vigelegele. Priscah alifika ukingoni mwa shamba, akashika tumbo, akatapika, akaketi chini palepale.

"Leo hapana," akasema.

Alipolazwa ndani hakutaka hata uji. Alikuwa ameshika ubavu wa kulia, chini ya mbavu. Wengine wakasema malaria, wengine wakasema nyongo, na jirani mmoja akanitazama mimi kwa jicho ambalo mke wa pili yeyote analijua. Nikaingia chumbani nimkague mwenyewe. Dorine aliingia kwa mlango wa mbele na tembe zake nyeupe mkononi. Emmaculate akaingia kwa mlango wa jikoni na vile vyekundu. Nyuma yake Willis na kikombe kinachotoa mvuke. Mikono mitatu ikakutana juu ya kitanda kimoja, wote wakakodoleana macho.

"Kumbe na wewe unampa?" Dorine akauliza.

"Tangu Jumamosi," akasema Emmaculate. "Kumbe na wewe?"

Hapo nilisahau kuku. "Nyieka!" nikampigia kelele, maana ndivyo wake wenza tunavyoitana kwa Kijaluo. "Umemeza ngapi?"

"Sijui. Walikuwa wananipa kwa mapenzi."

"Mapenzi gani haya ya kukuua! Willis, tafuta gari!"

Niliinua godoro, nikakusanya kila karatasi na kila pakiti niliyoikuta, nikazifunga kwenye leso yangu, tukaenda Homa Bay.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo aitwaye Valary, mpole lakini hacheki ovyo. Nilimwaga zile takataka mezani kwake. Akazisoma moja moja.

"Hii mlimpa ya nini?"

"Ya jino," akasema Dorine.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya mwili kuuma," akasema Emmaculate.

"Na hii ya unga?"

"Mafua," akasema Willis, sauti imeshapungua.

Daktari akazisogeza zote pamoja kwa mkono mmoja. "Majina tofauti, rangi tofauti. Ndani yake zote ziko na paracetamol. Mama amekuwa akila dawa moja mara tatu."

"Lakini daktari, yangu ni ya Tanzania!" Emmaculate akalalamika.

"Ini halijui mpaka wa Isebania, mama."

Akatueleza polepole. Dawa hiyo ni nzuri ikipimwa, lakini ikizidi, ini ndilo linalobeba mzigo, na ini halilii. Jino linapoa, mtu anafurahi, kumbe ndani kunaungua. Damu ilipopimwa ilionyesha ini limeumia. Iko dawa ya kulikinga, na hufanya kazi vizuri zaidi mtu akiwahi. Tulikuwa tumechelewa kidogo. Wakamtundikia dripu.

"Atapona?" nikauliza.

"Ini linaweza kujijenga upya, mama. Pia linaweza kushindwa. Tutajua siku hizi mbili tatu."

Niliketi kando ya kitanda. Kwetu mke mwenza akifa kabla ya kupanda, watu hawaulizi daktari, wanamwangalia aliyebaki. Lakini silo lililonitoa jasho. Niliogopa kuamka asubuhi nikafungua mlango, na mlango wa pili usifunguke. Nilimpenda yule mwanamke na mdomo wake mbaya. Basi, nimesema.

Macho yake yaligeuka manjano, na vipimo vya pili vilikuja vibaya kuliko vya kwanza. Willis alitoka nje akalia nyuma ya tangi la maji. Vya tatu Valary alivitazama kwa muda mrefu, kisha kwa mara ya kwanza tukaona meno yake.

"Namba zimeanza kushuka," akasema. "Ini la mama ni jeuri."

"Ndivyo alivyo mwenyewe," nikamwambia.

Priscah alipopata nguvu ya kuongea, hakuuliza habari za ini. Aliuliza mvua.

"Inanyesha," nikasema.

Machozi yakamtoka. Daktari alitaka kumweka siku kadhaa zaidi, na jino lingesubiri mpaka damu yake iwe sawa. "Udongo utashikana," Priscah akalia. "Watoto watakula nini?"

Dorine akanigeukia. "Mama mdogo, si wewe ndio unafuata? Anza tu. Mungu anaona hii ni dharura."

Wote wakanitazama. Ningeweza, na hakuna ambaye angenilaumu. Priscah alifumba macho, akageukia ukuta.

"Mikayi hajapanda bado," nikasema.

Nikarudi nyumbani. Kesho yake niliingia wodini na beseni lililofunikwa kwa leso. Nesi akanisimamisha.

"Hiyo ni nini?"

"Chakula," nikamjibu, na sikusema uongo.

Nikaliweka mapajani kwa Priscah, nikafunua. Udongo wetu mweusi kutoka kona ya juu ya shamba, na mbegu kiganjani mwangu. Aliutazama, akaunusa. Mkono mmoja ulikuwa na dripu. Kwa kidole cha ule mwingine akatoboa shimo, akadondosha punje, akafukia.

"Imba," akasema.

"Nini?"

"Mbegu ya kwanza huimbiwa. Imba, nyieka."

"Na viboko?"

"Waje."

Nikaimba. Wodi nzima ya wanawake iligeuka, na nesi alikuja mbio akidhani kuna mtu amezidiwa. Priscah alicheka akiwa ameshika ubavu, alicheka mpaka machozi yakadondokea beseni, nami sikunyamaza mpaka ubeti wa mwisho.

Niliporudi na lile beseni, boma lote lilikuwa limejipanga na majembe ukingoni mwa shamba. Nikalimwaga kwenye kona ya juu, nikaifukia ile punje vizuri, kisha nikapanda yangu, ya pili, na wengine wakafuata nyuma yangu.

Jioni simu ikalia.

"Nyar Karungu, mistari imenyooka?" Priscah akauliza.

"Uliza kuku wako," nikamwambia.