Lugenia na Mkwewe Waenda Chicago

Askari wa zamu pale stesheni aliipokea tiketi ya Lugenia Tate, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akaichana. Akaichana na ya mama mkwe wake, Cressie. Vipande akavidondosha miguuni mwao.

"Rudini mkalime," alisema. "Pamba haijipalilii yenyewe."

Watu weusi wote waliokuwa wakingoja walifukuzwa kama kuku walioingia jikoni, na treni ya kaskazini ikaondoka bila wao.

Ilikuwa mwaka 1917, huko Mississippi, kusini mwa Marekani. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekatiza meli zilizozoea kuleta vibarua kutoka ng'ambo, na sasa Marekani nayo imeingia vitani, vijana wanaandikishwa jeshini. Viwanda vya Chicago, ambavyo jana havikumtaka mtu mweusi hata wa kufagia, leo vinamwita kwa jina. Rufus, mume wa Lugenia, alikuwa ametangulia, akapata kazi kwenye machinjio. Kila wiki nyumba nyingine ilibaki tupu. Wenye mashamba walipoona mikono inakwisha, wakaona dawa ni kuweka askari stesheni.

"Haya," alisema Mama Cressie walipofika nyumbani. "Kitanda tumeuza. Jiko tumeuza. Kuku tumemla. Tumerudi kufanya nini, kutazamana?"

"Tunaondoka, mama."

"Kwa tiketi gani? Ile ya vipande?"

"Tutanunua nyingine. Ila si hapa. Kuna stesheni ndogo kule mbele, haina askari. Tutatembea."

"Kwa miguu hii yangu?"

"Ikikataa, nitakubeba."

Mama Cressie alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, aliyezaliwa utumwani, na hakuna mtu aliyewahi kujitolea kumbeba. "Basi lala," alisema. "Usije ukanidondosha."

Asubuhi walivaa magauni yao ya kanisani, na juu yake magauni ya shamba. Hawakuchukua mzigo hata mmoja, maana mwenye mzigo huulizwa aendako. Kila mmoja alibeba jembe begani. Wakashika barabara ya vumbi inayofuatana na reli, wakiwasalimu watu wa njiani kama wanaokwenda kibaruani.

Jua lilikuwa limeshapanda waliposikia gari la farasi nyuma yao. Lugenia hakuhitaji kugeuka. Farasi yule alikuwa wa Bwana Harkness, mwenye shamba ambaye Lugenia alimfulia nguo tangu akiwa msichana.

"Lugenia! Nguo zangu za Jumapili ziko wapi?"

"Nilimpelekea bibi jana, bwana. Zimepigwa pasi."

"Na hayo majembe mnayapeleka wapi?"

"Kupalilia, bwana."

"Kwa nani?"

Mama Cressie akadakia: "Kwa yeyote anayelipa vizuri."

Bwana Harkness aliangalia mashamba ya kushoto na kulia. Magugu yalikuwa yamefika magotini, wala hapakuonekana mtu. Sauti yake ikalainika. "Basi njooni kwangu. Nitawalipa mara mbili ya mwaka jana."

"Mara mbili!" Mama Cressie alishusha jembe. "Hebu niambie, bwana, mwaka jana hiyo nusu nyingine ilikuwa imelala wapi?"

Watu walikuwa wamepigwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Shangazi Cressie," alisema Bwana Harkness polepole, akimwita kama Wazungu walivyozoea kuwaita wazee weusi, "ulimi wako utakuponza."

"Umeshaniponza sana, bwana. Na bado ninao."

Macho ya Bwana Harkness yakashuka. Chini ya gauni la Lugenia, pindo la buluu la gauni la kanisani lilikuwa limechungulia. Alilitazama pindo, akaitazama reli.

"Stesheni ile ya mbele wana simu," alisema. Akamgeuza farasi kurudi mjini, akampiga mjeledi.

"Nimekosa mimi," alisema Mama Cressie. Ilikuwa mara ya kwanza Lugenia kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Tutalaumiana Chicago. Panda."

Akachuchumaa katikati ya barabara. Majembe wakayatupa mtaroni, na magauni ya shamba pia. Lugenia akamweka mama mkwe wake mgongoni, akaenda. Alipochoka, mzee alishuka akatembea. Mzee alipochechemea, akampandisha tena. Mapafu yake yaliwaka moto. Hakusimama hata kunywa maji. Mbele yao, kwa mbali, paa la stesheni lilianza kuonekana, na nyuma yao treni ikapiga honi.

Karani wa tiketi alikuwa Mzungu kijana mwenye miwani.

"Memphis, mbili," alisema Lugenia akihema.

"Mnakwenda kufanya nini Memphis?"

"Kutafuta daktari. Tazama miguu ya mama."

Karani alichungulia. Viatu vya Mama Cressie vilikuwa vimelowa damu. Akazigonga mhuri tiketi mbili, akazisukuma dirishani, na papo hapo simu ikalia ukutani nyuma yake.

"Ngojeni hapo," alisema.

Lugenia hakungoja. Aliacha pesa zote bila kudai chenji, akamkumbatia mama mkwe wake kiunoni, wakakimbilia treni iliyokuwa ndiyo kwanza inasimama. Mhudumu mmoja mweusi aliyekuwa mlangoni mwa behewa aliziona sura zao, akaelewa. Alimvuta Mama Cressie ndani kwa mikono miwili. Karani alitoka akipunga mkono na kupaza sauti, lakini magurudumu yalikuwa yameshaanza kuzunguka.

Memphis walinunua tiketi nyingine, za Chicago. Chicago ikawapokea kwa mvua, na Rufus akiwa amesimama kwenye umati, amekonda, analia bila kuficha.

Chicago haikuwa pepo. Walipanga chumba kimoja na familia nyingine, na baridi ilipenya hadi kwenye mifupa. Lugenia alipata kazi ya kubandika karatasi kwenye makopo ya nyama ya wanajeshi. Mshahara wake wa wiki ulizidi alichopata kwa mwezi akifua. Vita vilipokwisha, wanajeshi wakarudi wakitaka kazi zao, na msimamizi akawaambia wanawake wasije tena. Mawakala wa mashamba ya kusini nao wakapita mitaani, wakigawa tiketi za bure za kurudi.

"Labda tufikirie," alisema Rufus.

"Fikiria wewe," alisema Lugenia. "Mimi natafuta kazi." Alizunguka mlango hadi mlango, akifungiwa na kubisha kwingine, mpaka kiwanda kimoja kikubwa cha kufulia nguo kikamwajiri, akaanza siku hiyo hiyo.

Aprili ya mwaka 1919 Chicago ilichagua meya, na katika jimbo lile hata wanawake walipiga kura, weusi kwa weupe. Mama Cressie alipanga foleni tangu asubuhi, akiegemea mkono wa mkwewe. Mtu wa mlangoni alimwuliza kama anajua anachokuja kufanya.

"Kijana," alisema Mama Cressie, "nimekuja kwa miguu. Nipishe."

Akapishwa.