Mama Akimvuta Mwanawe

Nyuma ya kiwanda walifukia mapipa ya sumu, sumu ambayo msimamizi mwenyewe alikiri itakaa ardhini mpaka vitukuu wazeeke. Kisha akataka bango la bati!

"Andika HATARI, mzee, kwa rangi nyekundu, tumalize."

Bati la mvua mbili? Mchora mabango alirudi nyumbani, akatafuta jiwe la kuchonga.

Mtaani hawakumwacha. Mke alishaondoka kwa kukosa mtoto, nyumba nzima ina kikombe kimoja, leo anahangaikia wajukuu!

"Wajukuu wa nani, wewe?" kinyozi akamtania kibarazani kwake. "Ama kweli, asiye na mwana aeleke jiwe."

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Naye akacheka, mdomoni tu. Moyoni iliuma.

Alichonga kiganja kilichoinuliwa: simama, usije. Maneno hakuweka, maana lugha nazo hufa. Jirani yake, mshona viatu aliyetoka nchi ya mbali, alipokuja kuazima nyundo akaliona jiwe, akatabasamu.

"Mkono huu umependeza, jirani. Kwetu tunauchora mlangoni. Maana yake karibu, ingia upumzike."

Maskini! Jasho lote lile, kumbe alikuwa anawaita watoto wa watu kaburini.

"Sasa ninyi hatari mnaionyeshaje?"

Jirani alifikiri. "Mama akimvuta mwanawe, hata kwetu hakuna wa kuuliza."

Jirani alipoondoka, mchora mabango akakifuta kile kiganja kwa tindo, akaligeuza jiwe, akaanza upande wa pili. Umbo la mama lilitoka upesi. Mtoto ndiye aliyemshinda. Hakuwahi kumshika mtoto mkono. Hakujua vidole vidogo hukaaje ndani ya vikubwa. Akaweka tindo chini, akalia, mtu mzima peke yake na kikombe chake. Hata wa kumwambia nyamaza hakuwepo.

Ndipo akakumbuka kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuvutwa. Ukingo wa kisima, mama anapiga kelele, kifundo cha mkono kinauma mpaka jioni. Akakitazama kifundo hicho, akachonga.

Msimamizi alimnyima mkokoteni. Basi akalifunga jiwe mgongoni kwa shuka, akapita nalo mbele ya kibaraza, ameinama, anahema. Kinyozi akasimamisha mkasi.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Nampeleka mwanangu kazini," alisema, akapita.