Sauti Nyuma ya Pazia la Bibi Unaysa

Ametusimulia mkweli wa wakweli, nguzo ya Madina, mwaminifu ambaye ulimi wake haujateleza tangu alipoachishwa ziwa, Dhakwan bin Rafii, kutoka kwa bibi yake Unaysa, naye alimwona Mtume kwa macho yake mawili.

Asubuhi habari hii inapoanza, nguzo hiyo ya Madina ilikuwa imejikunja ndani ya kapu la tende, miguu ikining'inia nje, ikimvizia muuza maziwa apite ili ilie kama mbuzi anayechinjwa. Muuza maziwa alipita. Nguzo ikalia. Maziwa yakamwagika, na nguzo ikafukuzwa hadi kisimani kwa ufagio wa makuti.

Dhakwan alikuwa na miaka kumi na minne, na Mungu alimpa kipaji kimoja tu: koo. Aliweza kumwiga mnadi wa sokoni, ngamia mwenye homa, na mkuu wa ukoo akikohoa kabla ya kusema jambo zito. Lakini aliyemweza kuliko wote ni bibi yake. Siku moja alikaa nyuma ya ukuta akaita kwa sauti ile ya kutetemeka, "Jumana we! Niletee kijiko cha samli, mjukuu wangu amekonda." Jumana, jirani, akaleta bakuli zima.

Bibi Unaysa alikuwa amepita miaka tisini. Alikuwa binti mdogo Mtume alipohamia katika mji ule, na tangu utotoni alihifadhi habari tatu kutoka kwake. Mbili zilijulikana na kila mtu. Walizichukua watu wa Basra na wa Misri, na watoto wa Madina walizisoma bila kufikiri. Ya tatu aliambiwa peke yake, na hakuna aliyewahi kumwomba aisimulie. Watu wa mtaani walimwona kila siku akigombana na kuku wake. Nani angetoa wino kwa ajili ya bibi wa jirani?

"Waambie basi," Dhakwan alimwambia siku moja.

"Siitembezi kama kuku wa kuuza," bibi akajibu. "Atakuja wa kuniuliza. Wewe saga shayiri."

Kila asubuhi, jiwe la kusagia likizunguka, aliyarudia maneno ya ile habari ya tatu, herufi kwa herufi, asije akapoteza hata moja. Katika nyumba ile waliishi wawili tu. Dhakwan aliyasikia maneno hayo mara elfu, kama mtu anavyosikia mvumo wa jiwe.

Ndipo akaja Mihran. Alitoka Marw, mwisho wa Khurasan, safari ya miezi mitano, akielekea Makka kuhiji. Huko kwao aliambiwa kwamba kuna bibi wa Kiansari, wa wale wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, mwenye habari isiyoandikwa. Jioni moja alisimama mlangoni, akamsalimu bibi kutoka nje ya pazia, akaomba ruhusa ya kuja asubuhi na kalamu yake.

Bibi hakulala vizuri. Alijifukiza udi. Alitoa shali ya kijani ambayo Dhakwan alikuwa ameiona siku ya Idi tu. "Kutoka Marw," alisema, akicheka peke yake kama msichana. "Kwa miguu! Kuja kuniuliza mimi!"

Lakini alfajiri Jumana akashikwa na uchungu, na pale mtaani hakuna mtoto aliyezaliwa bila mikono ya Bibi Unaysa. Alivua shali, akakunja mikono ya kanzu. "Mgeni akija mkalishe, mpe maji. Mwambie anisubiri. Umesikia, shetani wewe?"

"Nimesikia, bibi."

Mgeni akaja, mtu mrefu, ndevu nyekundu kwa vumbi. Alikaa mkekani mbele ya pazia, kwa maana bibi hakuonana na wanaume wasio jamaa zake, akapanga wino, kalamu ya tete na karatasi. Akaweka na kifurushi: vipande vya tikiti la Marw, vilivyokaushwa juani na kusukwa kama nywele.

"Bibi yuko?" akauliza.

Jambo dogo kabisa. Dhakwan alipaswa kusema, "Subiri." Badala yake alisema, "Ngoja nimwamshe," akazunguka mlango wa nyuma, akaketi nyuma ya pazia, akajitengenezea koo.

"Karibu, mwanangu. Umeniletea tikiti?"

"Nimekuletea, mama yangu." Mgeni akakipitisha kifurushi chini ya pazia kwa heshima kuu. Dhakwan akaanza kutafuna.

"Mama, ulikuwa na umri gani Mtume alipofika Madina?"

"Kumi."

"Alhamdulillahi. Na ulimwona wapi?"

"Sikumwona. Sikuwa nimezaliwa bado." Kalamu ikasimama. Dhakwan aliuma shali ya bibi asije akacheka. "Au nilikuwa nimeshazeeka? Jumana we! Nilikuwa nimezaliwa mimi? Wewe ni nani? Wewe ndiye muuza maziwa? Nilipe maziwa yangu!"

"Mimi ni Mihran, mama. Wa Marw."

"Marw ni mtoto wa nani?"

Maneno ya Mtume hakuyagusa. Hata Dhakwan alikuwa na mpaka wake. Kila mtoto wa Madina anajua kuwa makao ya anayemsingizia Mtume ni motoni. Alimsingizia bibi tu, basi. Alikuwa amepanga kufunua pazia, aruke nje, aseme "Ni mimi!", wacheke wote wawili. Alichungulia kwenye tundu la pazia aone kama wakati umefika.

Mgeni alikuwa analia. Hakulia kwa sauti. Machozi yaliingia kwenye ndevu zenye vumbi na kufanya njia. Aliandika neno moja pembeni mwa jina la bibi, "amechanganyikiwa", akapuliza wino ukauka. "Mungu akupe raha, mama yangu," alisema. "Nimechelewa mimi. Kosa ni langu."

Akaondoka. Dhakwan akalitema tikiti. Atamwambia kesho, aliwaza. Adhuhuri msafara wa Makka ukatoka, Mihran akiwamo.

Bibi alirudi amechoka, mikono ikinuka mafuta ya ufuta. "Mtoto wa kiume," alisema, huku akiitafuta shali. "Mgeni wangu yuko wapi?"

"Hakuja."

Bibi akanusa hewani. "Mbona nyumba inanuka tikiti?"

"Inatoka kwa jirani."

Tangu siku ile, kila asubuhi alivaa shali ya kijani, akaketi nyuma ya pazia mpaka jua lilipokuwa kali. "Labda anaumwa," alisema. Siku nyingine, "Labda amepata mwenye habari nzuri kuliko yangu." Watu nao wakaanza kubadilika. Mihran alikuwa amewaambia wawili watatu msikitini, kwa huruma, wamwache bibi apumzike, akili imechoka. Wanawake wakaanza kumsalimu kwa kupaza sauti na kumkatia mkate vipande vidogo vidogo.

"Dhakwan," aliuliza, "kwa nini wananisemesha kama kiziwi? Nimefanya nini?"

Dhakwan alifungua mdomo. Koo lile lililoweza kila sauti halikupata yake mwenyewe. "Sijui, bibi."

Alifariki wiki moja baada ya Idi ya kuchinja, amekaa kwenye jiwe la kusagia, maneno yake yamefika katikati. Walimzika katika makaburi ya Baqii.

Mahujaji walipopita wakirudi kwao, Mihran alikuja kutoa pole. Alikaa mkekani palepale. Pazia lilikuwa limefungwa pembeni, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Nimefikiri njia nzima," alisema. "Mtu akichanganyikiwa uzeeni, tunaacha ya baadaye, lakini ya zamani tunayachukua kwa aliyeyasikia akili ikiwa bado nzima. Wewe uliishi naye. Ile ya tatu uliisikia?"

Dhakwan alihisi kama ametupiwa kamba kisimani. "Ninaijua yote. Herufi kwa herufi."

"Kabla hajachanganyikiwa?"

Hapo ndipo. Akisema ndiyo, habari ya bibi itakwenda Marw na kusomwa na watu wasiohesabika. Akisema kweli, bibi atarudishiwa akili yake, lakini nani atapokea neno la muongo?

"Kabla," alisema.

Mihran alichovya kalamu, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Amenisimulia Dhakwan bin Rafii, naye ni mkweli..."

Jumana aliingia na bakuli la tende, mtoto amembeba kifuani. "Huyu ndiye mgeni wa Marw? Hee! Bibi alikusubiri mpaka basi! Huyu mwanangu alizaliwa asubuhi ile uliyotarajiwa. Bibi kanizalisha mwenyewe, tena akiwataja babu za mtoto mpaka wa saba, hakukosea hata mmoja!"

Kalamu ikasimama. "Asubuhi ile bibi alikuwa hapa. Nilizungumza naye."

"Hapa wapi? Alikuwa kwangu tangu alfajiri hadi adhuhuri."

Mihran alimgeukia Dhakwan. Dhakwan alitazama pazia. Uongo ulikuwepo, tena mwingi, tayari kama mishale. Akaachama, na ikatoka ile sauti ya kutetemeka, ndogo, ya bibi wa miaka tisini: "Umeniletea tikiti, mwanangu?"

Bakuli likamponyoka Jumana.

Mihran hakumpiga. Ingekuwa afadhali. Alitoa kisu kidogo, akafungua karatasi ya zamani, akalikwangua lile neno pembeni mwa jina la Unaysa mpaka pakawa peupe. Kisha akalowesha kidole kwa mate, akalifuta neno "mkweli" lililokuwa bado bichi, na pamoja nalo jina lote.

"Sheikh, ninayajua maneno," Dhakwan alilia. "Wallahi ninayajua! Sikiliza tu!"

"Naamini unayajua," Mihran alisema, akifunga mkoba. "Nitasemaje nikiulizwa nani kaniambia?"

Na wewe unayesoma, rudi pale mwanzo, penye nguzo ya Madina na mwaminifu asiyeteleza ulimi. Maneno yale ya sifa niliyaandika mimi, na Dhakwan ni mimi. Yafute. Ile habari ya tatu bado ninayo. Naisema kila asubuhi nikisaga shayiri, herufi kwa herufi, na hapa sikuiandika, kwa sababu usingekuwa na haki ya kuipokea kutoka kwangu.